Jina la Kanga ya Mheshimiwa

"Hapa niandike nini?" laoban, bosi wa karakana, aliuliza kwa Kiingereza cha kuokoteza, kidole juu ya pindo tupu.

Mwanahija alikuwa ameletwa Guangzhou na mbunge wao, achapishe kanga za kampeni. Sura ya mheshimiwa ilishakaa katikati ya kitambaa, meno yote nje, rangi bado mbichi. Lilibaki jina tu. Mheshimiwa alishamwambia kwenye simu, "Andika 'Maji kwa Wote', dada. Kina mama watalipenda."

Kina mama! Mwaka ule walipomfuata na ndoo tupu, aliwajibu mkutanoni, mbele ya kipaza sauti: "Kipindupindu ni ugonjwa wa wachafu." Wapambe wakacheka. Mwanahija alikuwa ametoka kumzika mama yake, mwanamke aliyefagia uwanja asubuhi na jioni.

Akachukua kalamu, akaandika kwa herufi kubwa, taratibu, asikosee hata moja.

Laoban akayatazama maneno asiyoyajua. "Ni mazuri?"

"Ni yake mwenyewe," Mwanahija alisema. "Chapa zote. Nitazigawa kwa mkono wangu."