Honi ya Harusi

Asubuhi ya harusi ya bintiye, Bi Mwanaidi alibonyeza honi ya gari la marehemu mumewe, ikawa kimya. Maduka ya spea yalishaacha kuuza honi za aina ile zamani. Akawapigia wenzake wa chama cha magari ya kale.

"Msafara wa harusi bila honi si mazishi hayo?"

Kabla ya adhuhuri, Mzee Chande, mwenyekiti wao, alifika na honi aliyoifunga kwenye kitambaa.

"Umeipata wapi, mzee wangu?"

"Mwanaidi, harusi haingoji maswali. Niletee bisibisi," alisema, boneti keshaiinua.

Msafara ulipoingia mjini, gari la Bi Mwanaidi liliongoza, bibi harusi kiti cha nyuma, na magari ya chama yakifuata kwa kelele. Katikati ya honi zile akasikia kishindo: du, du, du. Akatazama kwenye kioo. Mzee Chande alikuwa ametoa mkono dirishani, anaupiga mlango wa gari lake kwa kiganja huku akicheka kama mtoto.

Machozi yakamlengalenga Bi Mwanaidi machoni. Akaibonyeza honi, akaishikilia kwa muda mrefu.

Nyuma, kiganja kikaitikia.