Nati Sita za Pampu

"Fungueni nati zote sita," Zarangez alisema, daftari lake la Kiingereza na uhandisi likiwa wazi gotini.

Ami yake aliangua kicheko. "Mara nne tumekaza, pampu bado inavuja. Miti ya aprikoti inakauka, nawe unatusomea Kizungu?"

"Maelezo ya pampu ndiyo ya Kizungu, ami. Mnakaza kwa kuzunguka, nati moja kisha jirani yake, na mpira wa kuzuia maji unabanwa upande mmoja. Ukikaza moja, hamia inayoitazama upande wa pili."

"Haya, kaza wewe!"

Akapokea spana, akazilegeza zote sita, kisha akakaza kidogo kidogo, akivuka kutoka nati hadi nati, vidole vimejaa grisi.

Pampu iliponguruma, ami alipitisha kidole kwenye ungio. Kikavu.

Kutoka bustanini juu, wanawake walipaza sauti: "Maji! Nani kayaleta?"

Ami akatunisha kifua. "Binti wa kaka yangu!"