Jiwe la Foklifti

Nilipoinua mzigo, magurudumu ya nyuma ya foklifti yakaachana na sakafu, kiasi cha kidole kupita. Punje moja ya maharage ikabiringika, ikaingia chini yake.

"Bosi, mzigo umezidi."

"Umezidi wapi?" alinijibu kutoka mlangoni mwa ghala. "Mwite Jiwe."

Foklifti yetu ya zamani, ya dizeli, ilikuwa nzito. Hii ya betri ni nyepesi, lakini bosi aliinunua kwa sababu wenzake wote hapa Karatu siku hizi wananunua za betri. Kwa hiyo mzigo ukizidi, tunampandisha Leonida, mchambua maharage kutoka Endabash, asimame nyuma aikandamize kwa uzito wake. Jina la Jiwe nilimbandika mimi. Ghala zima lilicheka, na yeye akacheka.

"Jiwe! Njoo!"

Leo alikuja bila kucheka. Alikaza kitenge chake kiunoni, akanisogelea sikioni.

"Kaka, naomba leo usinipandishe. Nina mimba. Juzi ulivyokata kona nusura nianguke."

Kushusha magunia mawili tu kungetosha. Maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni kabisa.

"Anasemaje huyo?" bosi akauliza.

"Hamna kitu, bosi."

Kisha nikamwambia Leonida, macho yangu yakiwa kwenye usukani, "Panda polepole, basi."

Akashika vyuma, akapanda. Magurudumu yakashuka, na ile punje ikapasuka.