Chuo cha Mnana

Mnana alifungua chuo cha kusuka viota, wanafunzi wakamiminika. Lakini hakumwamini yeyote: kila fundo walilofunga alilifumua akalifunga mwenyewe, na kiota chake akakisuka mbio mbio. Masika yakakaribia, mdomo ukamvimba, asiweze kushika hata unyasi.

"Pumzika, mwalimu. Wewe elekeza, tutafunga sisi," akasema Chiriku, mwanafunzi wake wa kwanza.

"Mtaniaibisha!"

"Kwani si umetufundisha wewe?"

Mnana akakaa tawini akielekeza, Chiriku akawakagua wenzake.

Mvua ikapiga mti mzima. Kikaanguka kiota kimoja tu. Majike wakaja kuvijaribu viota vilivyobaki kwa kuvivuta, kama ilivyo desturi yao kabla ya kuhamia. Havikufumuka.

"Hongera, mwalimu! Umevisuka vyote hivi?" wakauliza.

"Changu ni kile kilichoanguka," Mnana akajibu, kifua mbele. "Hivi ni vya wanafunzi wangu!"