Kishada Chekundu

“Kishada kilikuwa na rangi gani?”

Darasa la tatu likagawika. Nusu wakasema buluu, nusu wakasema chekundu, na mmoja nyuma kabisa akasema cha maua. Mwalimu Wakil akagonga meza kwa dasta.

“Chekundu! Sote tuseme chekundu. Wageni wanafika saa nne. Kila mtoto akija na rangi yake, tumekwisha.”

“Chekundu!” wakaitikia.

Hiyo ilikuwa Jumatano, na rangi tu ndiyo iliyobaki kupangwa. Tangu Jumatatu darasa lile la skuli ya Kikwajuni halikusoma kitu kingine. Hesabu ziliwekwa kando, Kiingereza nacho kando. Kisa kimoja tu, cha mtoto Ridhwan, asubuhi na baada ya mapumziko. Ungesema Mwalimu Wakil karukwa na akili, lakini wapi! Alijua anachokifanya. Mtoto ukimpa maneno matupu, kesho kayatema. Mpe picha, mpe wimbo, mpe na kitu cha kutia mdomoni, hasahau mpaka anaingia kaburini.

Basi picha aliwapa.

“Fumbeni macho. Mwoneni Ridhwan. Yuko wapi?”

“Uwanjani!”

“Anatazama nini?”

“Kishada chake! Kimenasa juu ya paa!”

“Akafanya nini?”

“Akapanda mwenyewe! Hakumwambia mtu! Akateleza!”

“Na mwalimu wake alikuwa wapi?”

“Darasani, anasahihisha madaftari!”

Wimbo aliwapa pia, wa kupigia meza kwa viganja. Na ubuyu aliwapa, ule wa iliki, na aliyekisema kisa bila ya kukosea alichota mwenyewe kwenye kikombe. Faiza, binti wa mbele, alifika mbali zaidi. “Mimi nakiona, Mwalimu! Uzi umekatika, kina mkia wa kitambaa.” Mwalimu Wakil akacheka kwa raha. “Mashaallah! Hiyo ndiyo kusoma.” Kufika mapumziko, kila mtoto alikuwa keshauona mkia.

Hadi Jumanne wanakwenda majumbani, midomo yote ilikuwa myekundu kwa ubuyu isipokuwa wa Tahiya. Kichwa panzi, ndivyo Mwalimu alivyomwita, na Jumatano hiyo akamrudia tena.

“Tahiya, simama. Ridhwan alifuata nini juu ya paa?”

“Alitumwa, Mwalimu. Akatazame tangi la maji.”

Darasa zima likaguna.

“Tangi? Ndani ya kisa changu mna tangi?”

“Hamna, Mwalimu.”

“Sasa wewe umelitoa wapi?”

Tahiya akanyoosha mkono. Akala bakora mbili za kiganja, akaambiwa arudie. Sentensi ya kwanza ikaenda vizuri, ya pili akarudi kule kule kwenye tangi. Lahaula! Mwalimu Wakil akajifuta jasho la shingo. Angemrudisha nyumbani, aseme mtoto ana homa, lakini wageni walishapiga simu wakamtaja kwa jina.

“Fumba macho. Unaona nini?”

“Namuona Ridhwan.”

“Na kishada?”

“Sikioni, Mwalimu.”

“Kitafute!”

Akazidi kuyabana macho.

“Nshakitafuta. Hakipo.”

“We Tahiya, unatuharibia!” Faiza alimkemea, na wenziwe wakadakia. Hawakuwa na makosa, maskini. Mwalimu alishawaeleza waziwazi kwamba jibu moja likienda kombo, kazi hana, na wanawe wanne nani atawalisha? Maneno gani hayo ya kumwambia mtoto wa miaka minane! Lakini aliyasema, na watoto walimpenda, kwa hivyo sasa waliogopa pamoja naye. Kijana mmoja akamfinya Tahiya mkono. Mwalimu aliona, akageuza uso ubaoni.

Ilipokaribia saa nne aliiweka bakora chini. Akamwinamia Tahiya sikioni, sauti ya upole kama anamwamsha mwanawe.

“Mwanangu, umechoka, nnajua. Sema nilivyokufundisha, mara moja tu. Ukishasema, hakuna atakayekuuliza tena. Si mimi, si wenzako, si mtu yeyote. Hutaki yaishe?”

“Nataka, Mwalimu.”

“Haya. Sema.”

Tahiya alifungua mdomo, na hapo mlango ukagongwa.

Darasa likasimama. “Shikamooni!”

“Marahaba,” alijibu askari polisi, akivua kofia yake. Nyuma yake aliingia mwanamke aliyevaa buibui, macho yamemvimba. Alikuwa mama wa marehemu Ridhwan. Hakumtazama Mwalimu. Alipita baina ya madawati akiyashika moja moja, mpaka akalipata la mwanawe, akakaa pale pale alipokuwa akikaa mtoto, ubavuni mwa Tahiya.

Askari akachuchumaa mbele yao.

“Wewe ndiye uliyekuwa ukikaa na Ridhwan? Usiogope. Mwambie mamaake, ilikuwaje siku ile?”

Tahiya akamtazama yule mama. Akamtazama Mwalimu Wakil, aliyesimama nyuma ya askari. Akafumba macho.

“Ridhwan alikuwa uwanjani. Kishada chake chekundu kilinasa juu ya paa. Akapanda mwenyewe. Hakumwambia mtu. Akateleza. Mwalimu alikuwa darasani, anasahihisha madaftari.”

Hakukosea hata neno. Na darasa zima, lililokuwa likimsubiri tangu Jumatatu, likampigia makofi.