Mti Unaoshika Waongo

Bi Sikudhani alijisifu kwamba msitu mzima anaujua kama jiko lake, ingawa jikoni kwake hata chumvi hutafutiwa na mkamwana. Mtafiti aliyekuja kuandika mila za pale akamwamini.

"Mwanangu, mti huu ukiutia mkono tunduni ukasema uongo, unakushika," alimwambia. Hadithi hiyo aliitunga njiani. Akatia mkono wake. "Niliambiwa na marehemu bibi yangu!"

Alipouvuta, haukutoka; bangili yake ilikuwa imenasa ndani. Akiitaja bangili, hadithi imekufa na kitabuni hayumo. Asipoitaja, mwongo ni yeye.

"Bibi, mbona hutoi mkono?"

"Humu kuna kaubaridi, mwanangu."

Mtafiti akasogeza kinasa sauti. "Hebu rudia, uliambiwa na nani?"

Bi Sikudhani akaukumbatia mti kwa mkono uliobaki.