Hamira za Mwalimu Herieli

Kindness alilala na sufuria kitandani, miguuni pake, pale bati lilipokuwa linavuja. Blanketi lilikuwa na unyevu, na kikohozi chake kilisikika mpaka kwa majirani.

"Baba Kindness, mtoto atapata nimonia," alisema Anastasia. "Panda uzibe."

"Jumamosi," alijibu Mwalimu Herieli bila kuinua macho. Jumamosi zilikuja zikapita. Mafundi nao, alidai, wote wamemezwa na majengo ya mkoa mpya.

Yeye alikuwa anasomea shahada yake ya pili. Mezani kwake, chumba cha pili, alikuza hamira kwenye visahani, akaziunguza kwa taa maalumu, kisha akaangalia zinavyojitibu. Siku moja Anastasia alimwuliza zinajuaje kujitibu. Mwalimu alifurahi kweli. Hatimaye mkewe kauliza jambo la maana.

"Jeni za kukarabati DNA zipo siku zote," alieleza, "ila kuna protini inazikalia, zisifanye kazi. Seli haipotezi nguvu bure. Ikiumia, protini ile inabanduka na ukarabati unaanza mara moja."

"Na ikiumia seli ya jirani?"

"Ya jirani? Haishtuki hata kidogo. Mpaka iumie yenyewe."

"Makubwa," alisema Anastasia, akaenda kumchua mtoto kifua.

Wiki ile mvua ilishuka kutoka mlima Kwaraa kama imetumwa. Mwalimu alirudi kutoka shule akakuta maji yanamwagikia mezani, visahani vinaelea, hamira alizozilea kwa miezi zimekwisha. Alipiga ukunga kama aliyefiwa. Mvua ilipokatika tu, alikuwa juu ya pipa, kisha juu ya paa, na kopo la lami mkononi. Aliziba tundu la mezani, na kwa kuwa alishafika huko, akaziba na la Kindness.

Asubuhi mtoto aliamka mkavu. Mwalimu alikunywa chai akistaajabu jinsi kutu ya Babati inavyotoboa bati duara safi namna ile. Anastasia alimwongezea sukari.

Hodi ikapigwa. Alikuwa Mama Noela, jirani yao.

"Za asubuhi, Mwalimu. Mwambie Mama Kindness naomba nyundo yangu aliyoazima kabla ya mvua, na ule msumari mrefu. Kwetu jikoni kunavuja, na televisheni ya Baba Noela bado iko pakavu."